Tunawafundisha wenyewe mafundi kutuuzia spea

Hapa Tabora ukikaa kijiweni hukosi kusikia habari hii. Gari limezima lenyewe njiani, limepigwa stata weee, limegoma. Mwenyewe akaenda kunywa chai, aliporudi likawaka mara moja kama halijawahi kuumwa. Kesho yake gereji. Wiki inakwisha limeshabadilishiwa plagi, koili na pampu ya mafuta, na bado linazima. Lawama zote kwa fundi. Mimi nasema sehemu kubwa ni yetu wenye magari.

Angalia tunavyolipa. Fundi ahangaike kutwa nzima na mita mkononi, agundue kuwa waya wa athi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, umeshika kutu pale ulipofungwa. Ausugue kwa msasa, aukaze, gari lipone. Akitaja hela yake utasikia: "Yaani fundi, kukaza nati tu ndiyo hela yote hiyo?" Lakini akija na pampu mpya ndani ya boksi, pochi inafunguka bila kelele, hata kama pampu ya zamani ilikuwa nzima. Fundi naye ana watoto. Atachagua lipi?

Na tatizo la kuja na kuondoka ndilo linalombeba mbahatishaji. Gari lingewaka tu lenyewe likishapoa, kwa hiyo chochote ulichobadilisha saa ile kitaonekana ndicho dawa. Siku tatu baadaye mnaanza upya.

Kumbe gari lenyewe hutoa ushahidi mwingi, ila hakuna anayeuliza. Lilizimaje? Kama lilikata ghafla, kana kwamba mtu amezima swichi, anza na umeme: rilei (swichi ndogo inayojiwasha kwa umeme), swichi ya funguo, nyaya, sensa ya kranki. Kama lilikuwa linakosa nguvu, linakohoa kwanza ndipo likafa, mafuta ndiyo mshukiwa: chujio, pampu, presha. Kama linazima ukisimama tu au ukiachia pedeli, yaani halishiki sailensi, throto, yaani mlango wa hewa ya injini, iliyojaa masizi au hewa inayovuja ndiyo ya kutazamwa kwanza. Si sheria ya msahafu, lakini inakuokoa kufungua tenki bure.

Sensa ya kranki nitaisema zaidi kwa sababu joto la Oktoba huku kwetu huifichua vizuri. Ndiyo inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka. Ikichoka, huwa nzima ikiwa baridi na hukata mawasiliano ikipata moto, kisha hurudi ikipoa. Ndiyo hiyo chai tuliyoisema. Gari likiwa limegoma, piga stata huku unatazama mshale wa mzunguko wa injini. Kwenye magari mengi, ukilala kabisa bila hata kutikisika, dalili inaelekea huko. Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, namba ya kosa P0335 itakutajia mzunguko wa umeme wa sensa hiyo. Mzunguko, si sensa yenyewe: waya uliokatika ndani ya ganda au soketi iliyoingia mafuta huleta namba ile ile.

Halafu kuna tabia moja inayonikera kuliko zote. Gari likifika tu, terminali ya betri inachomolewa "ili lijisahihishe". Kwenye magari mengi hapo umefuta kumbukumbu yote, pamoja na rekodi ya joto na mwendo wa injini wakati kosa linatokea. Polisi gani anaosha damu kabla ya kupiga picha?

Betri nayo ipimwe, isikisiwe kwa kupiga honi. Ikiwa imejaa na imepumzika, isome kama volti 12.6. Stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikiwaka, alteneta ipeleke kati ya 13.5 na 14.5. Na ule waya wa athi: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata, ikizidi nusu volti, kuna mahali umeme unakwama. Kazi hiyo yote ni ya dakika chache, na mita ya kawaida inatosha.

Kwa hiyo mkubaliane kabla boneti haijafunguliwa: hela ya kupima ni hii, spea tutaongea baadaye, na hakuna kinachobadilishwa mpaka unionyeshe kipimo. Mwachie gari hata siku mbili, alizungushe mpaka Ipuli na kurudi, lipate moto, limzimikie yeye mkononi akiwa na mita. Atakayekujibu, "Bosi, mimi silipwi kupima, nalipwa nikitengeneza," mshukuru, kisha tafuta mwingine.