Hoja ya CAG haifungwi kwa barua

Kila Aprili tunapata wiki moja ya kelele. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinawekwa mezani bungeni Dodoma, magazeti yanapanga mabilioni ukurasa wa kwanza, mitandao inachemka, kisha Bunge la Bajeti linaendelea na wizara moja baada ya nyingine. Kazi yenyewe, ile inayoweza kurudisha fedha au kumalizia zahanati iliyokwama kwenye lenta, inafanyika baadaye kwenye chumba cha kamati ya Bunge ya hesabu, mbele ya watu wachache na makabrasha mengi. Nadhani tunaipima kamati kwa kipimo kisicho chake. Tunaangalia nani alimbana Katibu Mkuu kwa maneno makali. Tungetakiwa kuuliza hoja ngapi za ukaguzi, yaani kasoro alizoandika CAG, zimefungwa, zimefungwa kwa ushahidi gani, na nani alikwenda kuhakikisha.

Tuanze na kalenda, maana sehemu kubwa ya tatizo imo humo. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Taasisi zina miezi mitatu ya kuandaa hesabu, CAG anakagua na kumkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi. Ibara ya 143 ya Katiba inataka ripoti iwasilishwe kwenye kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, kabla ya kupita siku saba tangu kikao kianze. Rais asipochukua hatua hiyo, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika. Baada ya hapo ndipo kamati za Bunge zinaanza kazi: PAC, ya Hesabu za Serikali, inaita wizara na taasisi; LAAC, ya Hesabu za Serikali za Mitaa, inaita halmashauri; na PIC, ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, inaita mashirika yenye mitaji ya umma. Taarifa zao zikijadiliwa bungeni Novemba, kama ilivyozoeleka miaka ya karibuni, shilingi iliyolipwa mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai, inakuwa imetimiza miezi 28.

Katika miezi 28 mkurugenzi amehamishwa, mweka hazina yuko mkoa mwingine, mkandarasi amefunga ofisi. Afisa Masuhuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, anayekaa mbele ya kamati anasema, na mara nyingi ni kweli kabisa, kwamba wakati huo hakuwepo. Kikao kinamwonea huruma, kinampa muda, hoja inarudi mwakani. Dawa ipo tayari kwenye sheria: Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura 296, inaipa kamati uwezo wa kumwita shahidi na kudai nyaraka. Aliyesaini hati ya malipo aitwe yeye, popote alikohamia, akae kando ya aliyepo sasa. Uhamisho ukiendelea kuwa njia ya kutokea, hakuna hoja ya maana itakayofika mwisho.

Jambo la pili linaloniudhi ni sherehe za hati safi. Hati safi, au hati inayoridhisha kwa jina rasmi, maana yake ni kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi ya hesabu kwa kiwango cha kuaminika. Basi. Haisemi kwamba mashine ya X-ray iliyonunuliwa imefungwa na inafanya kazi, wala kwamba bei yake ilikuwa halali. Halmashauri inaweza kupata hati safi huku ina hoja 40 za udhaifu wa mikataba, mapato na stoo. Mbunge anayefungua kikao kwa kuwapongeza wahusika kwa hati safi ameshawapa nusu ya ushindi kabla hawajajibu lolote. Afungue kurasa za hoja, hasa zile zilizojirudia mwaka wa pili na wa tatu.

Sasa tuingie ndani ya hoja moja, maana hapa ndipo kamati inapoaminika au inapopoteza heshima. Tuseme CAG ameandika kwamba halmashauri ililipa mifuko 900 ya saruji kwa ajili ya kituo cha afya, lakini leja ya stoo inaonyesha mifuko 600. Jibu litakuja na kiambatisho: hati ya kupokelea vifaa ya mifuko 300, imesainiwa, imegongwa muhuri. Wajumbe wengi wakiona muhuri wanaridhika. Nyaraka za manunuzi zinashikana kama mnyororo, na mtu anayeghushi huwa anatengeneza pete moja tu. Kwa hiyo mjumbe aombe mnyororo mzima: hati ya kuagiza mali, ankara ya mzabuni, risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, hati ya kupokelea, ukurasa wa leja, hati ya kutolea vifaa stoo kwenda eneo la ujenzi, na mwisho vocha ya malipo.

Halafu alinganishe. Hati za kupokelea zina namba za mfululizo zilizochapwa kwenye kitabu. Kama hati ya Februari ina namba kubwa kuliko hati ya Mei iliyotoka kitabu hichohicho, imeandikwa baadaye. Tarehe ikiangukia Jumapili au sikukuu, aulize nani alifungua stoo. Risiti ya EFD inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, hapohapo kikao kikiendelea, kwa kutumia namba ya uhakiki iliyochapwa juu yake. Leja nzuri ina salio baada ya kila mstari, na mstari uliopachikwa baadaye unavuruga masalio yote yanayofuata, ndiyo maana utakuta ukurasa mzima umeandikwa upya kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiochoka. Mwisho kabisa, mhandisi atoe mchanganuo wa vifaa wa jengo lenyewe: kazi iliyofikia lenta inahitaji mifuko mingapi? Ikiwa mchanganuo unasema 550, basi hata ile mifuko 600 ya kwenye leja ina maswali yake.

Hii si kazi ya kufanyika kwa dakika 40 mezani. Viambatisho vifike mapema, sekretarieti na wakaguzi wa CAG wavipitie, na mjumbe aingie akiwa na maswali matatu yaliyopikwa vizuri kuliko kumi na tano ya kubahatisha. Kamati inayoita taasisi nne kwa siku inasikiliza hotuba nne, hakuna zaidi. Ziitwe chache, zenye hoja nzito. Nyingine zijibu kwa maandishi na majibu yahakikiwe na mkaguzi.

Mapato ya halmashauri yanahitaji macho ya aina nyingine. Mkusanyaji anapewa mashine ya POS, anatoza ushuru wa mazao au wa soko, mashine inatoa risiti na mfumo unamwandikia deni hadi atakapopeleka fedha benki kwa kumbukumbu namba. Maana yake deni lina jina la mtu. Ripoti za CAG zimerudia mwaka hadi mwaka kutaja makusanyo ambayo hayakufika benki, na jibu linalosikika zaidi ni mtandao hafifu. Mtandao unachelewesha taarifa kusomeka. Hauchukui noti mfukoni. LAAC idai orodha ya wadaiwa wa POS kwa jina, kiasi na umri wa deni: siku 7, 30, 90 na zaidi. Kisha iulize kwa nini mtu mwenye deni la miezi mitatu bado ana mashine mkononi, mashine ngapi hazikuwa hewani na kwa siku ngapi, nani aliidhinisha miamala iliyofutwa au kurekebishwa. Iulize pia mikataba ya wakusanyaji. Kibarua asiye na mkataba wala mdhamini akitokomea na makusanyo, halmashauri haina wa kumshitaki, na hapo kosa ni la aliyemkabidhi mashine.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2, ilifika mahali ikasimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho duni. Somo lake kwa kamati ni lilelile: jumla ya mikopo iliyotolewa haisaidii kitu bila orodha ya vikundi, viongozi wao na marejesho ya kila mmoja.

Nirudi kwenye ufuatiliaji, maana hapo ndipo fedha zinapopotelea kimyakimya. CAG anapofuatilia mapendekezo yake huyagawa kwenye mafungu: yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, yaliyojirudia, yaliyopitwa na wakati. Fungu la hatari ni hilo la pili. Taasisi inayosema haijatekeleza imejianika. Inayosema inaendelea imejikinga, na inaweza kuendelea miaka mitano. Barua moja ya kukumbusha mdaiwa inatosha kuiweka hoja humo. Kamati ikatae hali ya “inaendelea” isiyo na hatua iliyofikiwa, hatua inayofuata, tarehe na cheo cha mhusika. Sheria ya Ukaguzi wa Umma, Sura 418, tayari inawataka Maafisa Masuhuli waandae majibu na mpango kazi na kuupeleka kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali. Mpango huo ndio uwe karatasi ya kwanza mezani kikao kinapoanza, ule wa mwaka jana kando ya wa mwaka huu.

Maazimio ya Bunge yenyewe yana ugonjwa huohuo. “Serikali ihakikishe”, “Serikali iimarishe usimamizi”: azimio la namna hiyo huwezi kulipima mwakani, kwa hiyo halitekelezwi wala halivunjwi. Uingereza, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali ilianzishwa mwaka 1861, Serikali hutakiwa kwa kawaida kujibu kila taarifa ya kamati ndani ya miezi miwili, pendekezo kwa pendekezo, ikisema inalikubali au inalikataa na litakamilika lini, na Hazina hutoa taarifa za maendeleo baada ya hapo. Serikali ikikataa pendekezo, inakataa hadharani na kwa sababu. Ningependa kuona hilo Dodoma zaidi ya “imepokelewa na inafanyiwa kazi”.

Na sisi tumewahi kuona azimio lenye meno. Novemba 2014 PAC, mwenyekiti akiwa Zitto Kabwe, iliwasilisha taarifa ya akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyoshikilia fedha za umeme Benki Kuu wakati wa mgogoro wa TANESCO na kampuni ya IPTL, ikitegemea ukaguzi maalumu wa CAG na uchunguzi wa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Maazimio yalitaja wahusika na hatua zilizotakiwa. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba mwaka huo, Waziri wa Ardhi Anna Tibaijuka akaondolewa mwezi huohuo, na Waziri wa Nishati na Madini Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015. Nguvu ya siku ile ilitokana na ushahidi uliopangwa, jina na hatua. Pia ilitokana na upinzani wenye wabunge wa kutosha na wabunge wa chama tawala waliokubali kusoma nyaraka kabla ya kusoma upepo. Utaratibu wa kumpa mbunge wa upinzani uenyekiti wa PAC na LAAC ni mzuri, lakini mwenyekiti mmoja hawezi kubeba kamati ambayo wajumbe wake wanaogopa kumuudhi waziri.

Kuna ripoti nyingine ambazo hazipewi haki yake: za ukaguzi wa ufanisi. Hizi zinauliza maswali ambayo mwananchi anauliza. Dawa zinafika kituoni kwa wakati? Mradi wa maji uliokabidhiwa unatoa maji? Barabara inakarabatiwa kabla haijafa au baada? Ripoti hizi hazina bilioni moja iliyoibwa ya kuweka kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo zinapitwa haraka. Kwangu mimi kamati ingetenga walau theluthi ya vikao vyake kwa ripoti hizi, na iwaite waganga wafawidhi na mameneja wa maji wa wilaya, watu wanaojua kwa nini oda ya dawa inarudi nusu.

Na kamati za kisekta pamoja na Kamati ya Bajeti zisisubiri CAG. Swali lao kila robo mwaka ni jepesi: mliidhinishiwa kiasi gani, mmepokea kiasi gani, lini? Fedha za maendeleo zinazoingia Mei au Juni huleta mbio za kulipa kabla ya Juni 30. Vifaa vinalipiwa kabla havijafika, kazi inathibitishwa kabla haijakamilika, kisha mwakani tunasoma hoja zilezile na kumlaumu mhasibu peke yake. Chanzo chake kilikuwa tarehe ya kupokea fedha, na kuchelewa huko kulionekana mezani kwa kamati tangu robo ya pili.

Kwa msomaji aliye mbali na Dodoma, kuna mlango ulio karibu zaidi. Ripoti za CAG zinapatikana kwenye tovuti ya ofisi yake, nyingine kwa Kiswahili, na ile ya Serikali za Mitaa ina viambatisho vinavyotaja halmashauri kwa majina. Halmashauri nazo huitisha baraza maalumu la madiwani kujadili hoja hizo. Tafuta halmashauri yako kwenye viambatisho, chukua hoja mbili zinazogusa kata yako, mpelekee diwani kabla ya siku ya baraza, na umwombe aulize mkurugenzi kwa kila moja: nani anahusika, kiambatisho kiko wapi, na tarehe ya mwisho ni ipi.