Mita janja na daftari la luku

Nyumba niliyopanga Temeke kwa miaka minne ilikuwa na vyumba sita, choo kimoja na mita moja. Pembeni ya mlango wa kutokea uani palikuwa na daftari dogo lililoning'inia kwa uzi kwenye msumari. Kila mpangaji aliandika humo tarehe aliyonunua umeme, pesa aliyotoa na uniti zilizoingia. Zamu ilikuwa elfu tano kwa chumba, mwenye friji elfu kumi. Daftari lile lilimaliza ugomvi mwingi, na mwingine likauanzisha lenyewe, hasa luku, ile mita ya kulipia umeme kabla, ilipokata saa tano usiku na mwenye zamu amesafiri.

Ninalikumbuka kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu mita janja. Huyu anasema ni maendeleo, yule anasema ni mtego wa kutukamua zaidi. Nimekaa na pande zote mbili, na naona kila upande una hoja ya kweli ambayo upande wa pili hautaki kuisikiliza.

Mita ya luku ya kawaida ni kiziwi. Inajua kuhesabu uniti na kusoma zile namba ishirini unazoibonyezea, basi. Shirika la umeme, TANESCO, halijui kilichomo ndani yake mpaka fundi aje aitazame. Mita janja inaongea na ofisi, mara nyingi kwa mtandao wa simu au kupitia waya wenyewe wa umeme. Inapeleka taarifa ya matumizi, inapokea malipo bila mtu kubonyeza kitu, inatoa taarifa ikifunguliwa au kuchezewa, na inaweza kuzimwa au kuwashwa na mtu aliyekaa mbali. Uwezo wote huo umo ndani ya kisanduku kimoja, na ndiyo maana jambo moja linamfurahisha huyu na kumtisha yule.

Faida ya kwanza anaijua kila mwenye mzazi mtu mzima. Bi mkubwa wangu yuko Tanga, macho yamepungua nguvu. Mdogo wangu akimnunulia umeme kutoka Mwanza kwa simu, tokeni, yaani zile namba ishirini, inakuja kwa meseji, na hapo anatafutwa mtoto wa jirani aje asome na kubonyeza. Mtoto akikosea tarakimu ya kumi na saba anaanza upya. Usiku mvua ikinyesha bi mkubwa analala gizani na umeme wake umekwisha lipiwa, umo kwenye simu iliyo mkononi mwake. Mita inayojipokelea malipo yenyewe inamwondolea kazi hiyo yote, na anayeidharau faida hiyo hajawahi kubonyeza namba kwa mwanga wa tochi.

Tuliionja shida hiyo kitaifa mwaka 2024. Kila tokeni ya mfumo huu wa malipo ya kabla hubeba alama ya muda, nayo huhesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, na dakika hizo zilifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwa imeboreshwa kufikia siku hiyo isingepokea tokeni mpya, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Johannesburg. Kwetu wateja walipewa mistari mitatu ya tarakimu ishirini ishirini, miwili ya kuboresha mita na mmoja wa umeme wenyewe. Tarakimu sitini! Pale mtaani kijana mmoja wa kibanda cha wakala wa fedha alishinda siku nzima akizunguka nyumba hadi nyumba kuwabonyezea watu. Hesabu imeanzishwa upya, sasa kuanzia mwaka 2014, na itajaa tena mwaka 2045. Mita inayoongea na ofisi inaweza kuboreshwa usiku watu wamelala.

Halafu kuna vishoka, mafundi wa umeme wa magendo. Umeme unaoibwa na anayeunganisha juu kwa juu haulipiwi na shirika kwa hisani. Gharama yake inaingia kwenye hesabu za shirika, na mwisho inabebwa na wateja wanaolipa. Mita inayopiga kelele ikiguswa inambana kishoka na mteja wake, na kwa hilo naitetea mita janja bila kusita.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wanaoleta hoja kutoka Ulaya hulikosea. Kule mita janja ilinadiwa kwa ahadi kwamba mtu ataona anavyotumia umeme na kuacha kulipa bili za kukadiria. Sisi tuliokua na luku hilo tunalijua siku nyingi. Jina lenyewe ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, na hakuna mama wa uswahilini asiyejua kwamba pasi ya Jumapili usiku inakula uniti kuliko taa za wiki nzima. Anayekuja kuwaambia watu hawa kwamba mita mpya itawafundisha kubana matumizi anawafundisha wanachokijua, na ndipo wanapoanza kujiuliza kilichofichwa nyuma ya maneno hayo.

Wasiwasi huo haukuzuka hivi hivi. Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye luku, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa Sh1,500 na Sh7,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua luku ndiye anayekatwa. Mpangaji wa chumba kimoja akinunua umeme wa Sh2,000 mwanzoni mwa mwezi, Sh1,500 inaondoka, na Sh500 iliyobaki kwa bei ya kawaida haimfikishi uniti mbili. Anaweza kumdai mwenye nyumba, naam. Wapangaji wangapi huwa na ubavu wa kumdai mwenye nyumba Sh1,500 na mwezi ujao wakamwomba awavumilie kodi ya chumba?

Siipingi kodi yenyewe, halmashauri zinahitaji mapato. Ninachosema ni kwamba siku ile mita iliacha kuwa kipimo cha umeme peke yake, ikawa pia sanduku la makusanyo, na watu waliona. Leo ukimwambia mtu yule yule kwamba kinakuja kifaa chenye akili zaidi, kinachoweza kuzimwa kutoka ofisini, swali lake la kwanza litakuwa ni nini kingine kitapitia humo. Ni swali halali. Kulijibu kwa kusema wananchi hawana elimu ya teknolojia ni kuwakosea heshima.

Wanaosema hofu ya kuzimiwa kwa mbali ni ya watu wa nyuma watazame Uingereza. Serikali ya huko ilipanga kila nyumba iwe imepewa nafasi ya kufungiwa mita janja ifikapo mwisho wa 2020, na mpango ukachelewa. Bei za nishati zilipopanda, kampuni zikawa zinawahamisha wateja wenye madeni kwenye malipo ya kabla bila ridhaa yao. Kwa mwenye mita ya zamani walihitaji kibali cha mahakama na fundi wa kuingia ndani. Kwa mwenye mita janja amri ilitumwa tu kutoka ofisini. Februari 2023 mdhibiti wa nishati, Ofgem, alizitaka kampuni zisitishe ulazimishaji huo, baada ya kufichuka kwamba mawakala walikuwa wakiingia kwa nguvu hata kwenye nyumba za watu wanyonge. Uholanzi nayo, mwaka 2009, baraza la juu la bunge lilikataa kuifanya mita janja kuwa lazima, kwa sababu usomaji wa kila robo saa unaonyesha watu wanaamka saa ngapi na wako safari lini. Baadaye mita hizo zilifungwa, lakini mwenye nyumba alipewa haki ya kukataa.

Hapa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ningependa kuona, kwa Kiswahili chepesi na kwenye karatasi ambayo fundi anaiacha mezani, ni nani anayesoma taarifa za mita yangu, kila baada ya muda gani, na umeme unaweza kuzimwa kwa sababu zipi. Mambo hayo yanatosha ukurasa mmoja. Na pawe na njia ya kuingiza tokeni kwa mkono mtandao ukigoma, kwa sababu Mei 2021 mfumo wa kuuzia luku uligoma kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Kadiri kila kitu kinavyotegemea kompyuta ya mbali, ndivyo siku ya kugoma inavyouma zaidi.

Malalamiko ya kwamba mita mpya "inakimbia" nayapokea kwa tahadhari. Mara nyingine mita ya zamani ilikuwa imechoka na kuhesabu pungufu, hivyo ile mpya inaonekana mwizi kwa kusema kweli. Mara nyingine kuna kasoro halisi, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi ya kuhakiki. Kabla ya kulalamika mtu anaweza kujaribu mwenyewe. Mita nyingi zina kijitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, tuseme 1,000. Zima kila kitu ndani, uhakikishe kijitaa kimetulia. Washa birika la umeme la wati 1,500 lililojaa maji kwa dakika nne. Hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti, kwa hiyo kijitaa kinapaswa kupepesa kama mara 100. Nilifanya hivyo na jirani yangu aliyekuwa amekwisha apa kwamba anaibiwa. Yeye alishika saa, mimi nikahesabu, tukafika 96. Lakini baadaye, kila kitu tulichokijua kikiwa kimezimwa, kijitaa kikaanza tena kupepesa taratibu. Tulifuata waya tukakuta chumba cha uani kilichofungwa kina friji la biashara la mtoto wa mwenye nyumba, linaunguruma peke yake.

Friji lile ndilo kiini cha suala hili kwangu. Mita ilikuwa sahihi, na mtu alikuwa anaibiwa kweli. Mita janja ingepeleka ofisini hesabu safi kabisa ya nyumba nzima, na ofisini wasingejua kwamba wanaolipa ni watano na anayetumia ni wa sita. Mabishano yote ya kukubali au kukataa yanadhani kwamba nyumba moja ni kaya moja. Kwenye mitaa yetu ya Temeke, Manzese au Mbagala nyumba moja ni kaya nne, sita, nane.

Hao wanaochangia mita moja wanaumia mara mbili. Bei nafuu ya mteja mdogo, Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni ya anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kaya sita zenye taa, televisheni na feni, kila moja peke yake ingekaa chini ya 75 bila taabu. Zikiwekwa kwenye mita moja zinavuka kiwango, na wote wanalipa Sh292 kama mwenye kiyoyozi. Kila chumba kingekuwa na mita yake, tatizo lingekwisha. Lakini gharama ya kuunganishiwa umeme mjini, tangu ilipopandishwa tena mwaka 2022, ni Sh320,960 kwa mteja wa njia moja, umeme wa kawaida wa nyumbani, aliye karibu na nguzo. Vyumba sita ni Sh1,925,760, na hakuna mwenye nyumba wa uswahilini atakayeitoa wakati wapangaji wanalipa luku wenyewe. Wapangaji wanaishia kununua dukani submita, vimita vya kupimia chumba kimoja kimoja, kila mtu na yake, na fundi wa mtaani ndiye anayezifunga.

Mita janja pia inagusa desturi ndogo ambayo wahandisi labda hawakuifikiria. Mama wa chumba cha pili alikuwa ananunua umeme siku akipata pesa ya vikoba, tokeni anaiweka. Haiingizi mpaka zamu yake ifike. Ilikuwa akiba yake, salama kuliko pesa taslimu kwa sababu hakuna wa kumkopa tokeni. Mita ikijipokelea malipo papo hapo, umeme wake ungeingia siku hiyo hiyo na vyumba vingine vitano vingeanza kuutumia. Kwa kaya yenye mita yake hilo si tatizo hata kidogo. Kwa wanaochangia, urahisi wa mmoja unakuwa hasara ya mwingine.

Kwa hiyo mimi nimo upande wa kukubali, na nina sharti moja ninalolishikilia kuliko mengine. Kabla ya kuondoa luku inayofanya kazi vizuri kwenye nyumba ya familia moja kule Mbezi ili kuweka janja, mita hizo zianzie kwenye nyumba za kupangisha, chumba kwa chumba, na ada ya kuunganisha ikatwe kidogo kidogo kwenye manunuzi ya umeme badala ya kudaiwa kwa mkupuo. Kifaa kinachoweza kukata kodi ya majengo kila mwezi kinaweza kukata na hilo. Mpangaji angepata bei anayostahili, na shirika lingepata wateja sita wanaojulikana badala ya mmoja asiyeeleweka.

Mwezi uliopita nilipita pale Temeke kusalimia. Daftari bado lipo, ni la tatu sasa, jalada la bluu. Nililifungua. Ukurasa wa mwisho mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Chumba namba 4, elfu tano, imekatwa kodi ya jengo, imebaki 3,500. Naomba ihesabiwe elfu tano." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Haiwezekani."