Karanga Zilizosagwa Bado Ni Karanga

Shangazi yangu ana ghala Busia, upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Anauza maharage, simsim, karanga na mukene, wale dagaa wetu wa ziwani. Wateja wake wakubwa ni shule za bweni, na shule hutaka karanga zilizosagwa, maana mpishi mwenye mamia ya wanafunzi hana muda wa kutwanga. Mwaka jana mhasibu wa shule moja alimuuliza mbona ankara yake ya karanga za kusaga haina VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Mhasibu wa shangazi akasema haidaiwi, ni chakula kisichosindikwa. Wakaifungua sheria ile ile, wakasoma sentensi ile ile, kila mmoja akaondoka na jibu lake.

Shangazi akanipigia simu usiku. "Mwanangu, karanga zikisagwa zinaacha kuwa karanga?"

Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba si swali dogo.

VAT ilianza Uganda Julai 1996, ikachukua nafasi ya kodi ya mauzo ya zamani. Leo kiwango ni asilimia 18. Sheria inasamehe vyakula na mazao ya kilimo ambayo hayajasindikwa, kisha inajaribu kueleza maana ya "hayajasindikwa". Inasema neno hilo linajumuisha kazi zinazoongeza thamani kidogo tu, kama vile kuchambua, kukausha, kutia chumvi, kutoa minofu, kutoa mifupa, kugandisha, kupoza au kufungasha kwa wingi, mradi thamani iliyoongezeka isizidi asilimia 5 ya thamani yote ya mauzo. Ufungashaji peke yake ndio haupimwi kwa asilimia hiyo.

Kusaga hakumo. Lakini orodha inaanza na "kama vile", kwa hiyo haijafungwa. Wakili wa mfanyabiashara atasema kazi hizo ni mifano tu, na kusaga ni ndugu yao. Wa upande wa pili atajibu kwamba zote zinakiacha chakula na umbo lake: samaki aliyekaushwa bado ni samaki machoni, ila karanga iliyosagwa imekuwa uji mzito. Ataongeza hoja nyingine, na hii nakiri ina nguvu. Jedwali lingine la sheria hiyo hiyo linataja waziwazi nafaka zinazolimwa na kusagwa Uganda. Bunge lilipotaka kusema kusaga, lilisema. Karanga si nafaka.

Hiyo asilimia 5 nayo inanisumbua kuliko neno lenyewe. Chukua mukene. Wanatoka ziwani wakiwa wabichi, wanaanikwa juani, wanapungua uzito, na bei ya kilo inapanda. Je, thamani iliyoongezeka ni tofauti ya bei kati ya kilo mbichi na kilo kavu? Au ni ujira wa akina mama wanaoanika? Au tuanze na kilo tatu au nne mbichi zilizozaa kilo moja kavu? Kila hesabu ina jibu lake, na muuza dagaa hawezi kujua ni ipi atakayopimwa nayo. Kule Ayalandi, sheria ya VAT ya mwaka 1972 iliweka kwamba mkate usitozwe kodi iwapo sukari yake haizidi asilimia 2 ya uzito wa unga, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mkate wa Subway, migahawa ya sandwichi, wenye sukari kama asilimia 10, haukidhi sharti hilo. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa, lakini sukari inapimika kwa mizani. Thamani ya jua haipimiki.

Mahakama hufanyaje neno linapokuwa na maana mbili? Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, yetu ikiwamo, mawakili hawachoki kumtaja Jaji Rowlatt, aliyesema mwaka 1921 katika kesi ya Cape Brandy Syndicate kwamba sheria ya kodi isomwe kwa kile kilichosemwa waziwazi, pasipo kuongeza kitu wala kudhania kitu. Kwa msingi huo, maneno ya kutoza kodi yakiwa na shaka, shaka inamnufaisha mlipaji. Lakini msamaha wa kodi una kanuni yake: anayeudai ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba ameingia ndani yake barabara, na shaka inamwangukia yeye.

Hapo ndipo ninapopinga. Karanga za shangazi unaweza kuziangalia kama bidhaa inayotozwa au kama chakula kilichosamehewa. Shaka ni ile ile moja. Ukichagua mlango wa kuingilia, kesi umeshaiamua kabla shahidi hajafungua mdomo. Na ubaya wa kukosea haugawanywi sawa. Mfanyabiashara aliyeuza bila VAT kisha akaambiwa ilidaiwa, hawezi kuzirudia shule zote kuomba asilimia 18. Fedha hizo zinatoka katika mtaji wake.

Mimi naona neno lisomwe kama wanunuzi na wauzaji wanavyolitumia. Si wazo geni. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ya Marekani iliulizwa kama nyanya ni tunda au mboga, kwa kuwa mboga kutoka nje zilitozwa ushuru na matunda hayakutozwa. Majaji walikubali kwamba kwa wataalamu wa mimea nyanya ni tunda, lakini wakasema watu huila pamoja na nyama na samaki, si baada ya chakula, basi ni mboga. Huko India mwaka 1961 zamu ilikuwa ya tambuu. Muuzaji alidai kwamba majani yale ni mboga, hivyo yamesamehewa kodi ya mauzo. Mahakama ikakataa: neno "mboga" lisomwe kama watu wanavyolitumia kila siku, na kwa maana hiyo tambuu si mboga. Hapo muuzaji alishindwa, na bado naona njia ilikuwa sahihi. Simtetei shangazi kwa sababu tu ni shangazi.

Ila kwetu kuna jambo ambalo majaji hao hawakulazimika kulitazama. Soko la Busia haliongei Kiingereza, na sheria imeandikwa kwa Kiingereza. Mswahili akiuliza "leo mboga gani?" anaweza kujibiwa "nyama". Kwa Muganda, emmere, yaani chakula, ni matoke, viazi, mihogo, vitu vya kushibisha, na mchuzi una jina lake mbali. Kiswahili kimetajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini sijaona kikisaidia kueleza maana ya neno moja katika kodi. Jaji akifungua kamusi ya London kutafuta "chakula", anapata chakula cha London. Amwite muuza karanga kizimbani, amwite na mpishi wa shule, awaulize wanakiitaje kile kilicho ndani ya ndoo.

Na Bunge lisingoje kesi. Ibara ya 152 ya Katiba inasema kodi haitatozwa ila kwa mamlaka ya sheria ya Bunge. Neno ambalo wahasibu wawili waaminifu wanalisoma kinyume linamwachia mtu mwingine kumalizia kazi ya Bunge, awe afisa au jaji. Majedwali ya VAT hurekebishwa mara kwa mara wakati wa bajeti. Kuongeza neno "kusaga", au kuliondoa kabisa kwenye ubishi kwa kusema halimo, ni mstari mmoja. Hata jibu baya kwa shangazi lingemfaa kuliko hali ya sasa, maana angejua bei ya kuandika.

Kwa sasa ameacha kusaga. Anauza karanga nzima, na shule inatuma gari lake kuzichukua, kisha inazipeleka kwenye mashine iliyo nyuma ya ghala hilo hilo, inamlipa msagaji, inaondoka na ndoo zake. Kijana aliyekuwa akimsagia shangazi tangu amalize shule hana kazi.