Geji ya joto la injini: kufunga ni sawa, swali ni wapi

Kwenye gereji za Ngamiani hapa Tanga, ubishi wa geji ya joto ya kuongeza hauishi, na kisa chake kinaeleweka. Vitz na Passo nyingi tunazoendesha hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi joto. Katikati hapo dereva haambiwi chochote. Anayezunguka Raskazone na Chumbageni anaweza kuishi hivyo miaka na asipate shida. Anayetoka Mombo kupanda Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona na mlima, taa nyekundu inaweza kumwakia gasketi, kile kizibo kati ya silinda hedi na injini, ikiwa tayari inaungua.

Ndiyo maana wanaoitetea geji wana hoja nzito. Rejeta inayovuja kidogo kidogo, feni iliyokufa, wota pampu iliyochoka, mara nyingi vyote hujionyesha kwenye namba kabla taa haijawaka. Aliyezoea kuona nyuzi 88 barabara ya Segera, akiona 97 mahali palepale na mwendo uleule, anajua kuna kitu kimebadilika, na bado ana muda wa kuegesha gari. Hata magari yenye mshale wa kiwandani hayasemi kila kitu, maana mishale mingi imetengenezwa itulie katikati kwa nyuzi nyingi za joto, kisha inapanda ghafla mambo yakiwa yameshaharibika. Ukiweka bei ya geji upande mmoja, na upande mwingine gharama ya kushusha silinda hedi, kuipiga skimu (kuisawazisha uso), kununua gasketi na kulaza gari, hesabu inajibu yenyewe.

Wanaopinga wanasema kila tundu unaloongeza ni mahali pa kuvuja, na kila waya unaoukata ni ugonjwa wa kesho. Nawasikiliza kwa makini, kwa sababu wengi wao ni mafundi wa umeme wanaoletewa magari yaliyoharibiwa na geji hizohizo.

Kosa baya kuliko yote ni kuunga geji kwenye waya wa sensa ya kiwandani. Sensa ile inaongea na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Boksi linatuma volti 5 kupitia ukinzani wake wa ndani, na sensa inapunguza ukinzani kadiri maji yanavyopata moto: kwenye nyuzi 20 ni kama omu 2,000 hadi 3,000, kwenye 80 ni karibu 300 tu. Ukipachika geji juu ya waya huo, hesabu nzima inavurugika. Geji ikivuta umeme kwenda ethi (upande hasi, yaani bodi ya gari), boksi linadhani injini ina joto kuliko ilivyo, linapunguza mafuta, na asubuhi gari linakataa kuwaka. Ikisukuma umeme kuingia, boksi linadhani injini ni baridi, na gari linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Mwenye gari anaanza kubadilisha plagi na pampu ya mafuta, kumbe ugonjwa uko kwenye geji. Kwa hili sina mjadala: geji iwe na sensa yake na waya wake.

Sasa sensa hiyo ikae wapi? Hapa ndipo pande zote mbili zinapita haraka mno. Njia iliyozoeleka ni kukata mpira wa juu wa rejeta, kuingiza kipande cha bomba la alumini chenye tundu la sensa, na kukaza klipu mbili. Kazi ni safi ikifanywa kwa utulivu. Lakini sensa ya waya mmoja inapata ethi kupitia chuma ilikofungwa, na mpira haupitishi umeme. Lazima bomba lile livutiwe waya wa ethi hadi kwenye bodi au injini, na tepu nyeupe ya kuzibia meno ya sensa isizungushwe mpaka ifunike chuma chote. Kwa hewa yetu ya chumvi, ethi isiyopakwa grisi hushika kutu upesi, na namba zinaanza kudanganya.

Kuna kubwa zaidi ya hilo. Kwenye injini nyingi themostati, ule mlango unaofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto, iko pale maji yanapotoka kwenda rejeta. Ikikwama imefunga, injini inachemka huku mpira wa juu ukiwa vuguvugu, na geji inakuonyesha 60 hedi ikipinda. Injini nyingine, zikiwemo za NZ za Toyota, zina themostati upande wa maji yanayoingia. Hata hizo, sensa isogezwe karibu na injini, kwa sababu themostati ikifunga, maji ya mpira ule hayatembei. Kama kwenye injini yenyewe kuna tundu lenye kizibo kabla ya themostati, hapo ni bora kuliko mpira wowote.

Maji yakiisha pia, sensa inabaki kwenye hewa na namba inaweza kushuka. Wengi hufurahia namba hiyo, nayo ndiyo ya kutisha.

Kwa gari linalokubali, mimi ningeanza na kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kupimia, kinachosoma sensa ya kiwandani na kuleta namba kwenye simu. Hakikati kitu. Baadhi ya magari ya soko la Japani hayaelewani nacho, na hapo ndipo geji inapata nafasi yake halali.

Nyuzi 100 mlimani zisimtie mtu hofu. Mfuniko mzima wa rejeta unashikilia presha, na maji hayachemki mpaka yakaribie 120. Hatari ni anayesimama na kufungua mfuniko moto ukiwa bado umo: presha ikitoka, maji yanageuka mvuke usoni mwake.

Kabla fundi hajashika kisu, sensa na geji ziunganishwe kwenye betri, ncha ya sensa itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na kama ni ya waya mmoja, chuma chake kipewe ethi. Tanga tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Geji ikisoma 90, irudishwe dukani mpira ukiwa bado mzima.