Mbaruti bustanini: tunabishania sufi, tunasahau mzizi

Ubishi wa watunza bustani juu ya mbaruti utambaao, Cirsium arvense kwa jina la kitaalamu, hauishi kurudi kwenye sufi. Anayeuchukia huonyesha ule unyoya mweupe unaopeperuka na kuuliza nani atapalilia yote hayo. Anayeutetea hujibu: kata maua kabla hayajakomaa, basi. Wote wawili wanatazama juu, na shughuli iko chini.

Udake unyoya huo kiganjani. Mara nyingi utaukuta mtupu, mbegu imebaki kwenye kichwa cha ua. Isitoshe, mbaruti huu una mimea dume na mimea jike, na kichaka kizima kilichotoka kwenye mzizi mmoja huwa cha jinsia moja. Kikikosa mwenzi jirani, hakizai mbegu za maana. Lakini kinaenea vilevile, kwa sababu mizizi hutambaa ardhini kwa mita kadhaa ikichipua njiani, na kipande kisichofika hata sentimita 3 kinaweza kuwa mmea mpya. Anayeuvamia kwa jembe na hasira, kwa kweli anaupanda. (Nami niliwahi kuwa na hasira hizo.)

Watetezi nao hawasemi ovyo. Maua yake ya zambarau hafifu hunukia asali, na nyuki huyajaa. Chiriku hula mbegu zake. Majani hulisha viwavi wa Vanessa cardui, kipepeo anayevuka Sahara katika safari zake kati ya Afrika na Ulaya. Kiumbe wa namna hiyo kumnyima jani la kutagia ni uchoyo.

Ila karamu hiyohiyo huandaliwa na ndugu wa mbaruti huu, Cirsium vulgare, mwenye miiba mikali zaidi lakini tabia nyepesi. Huyu huishi miaka miwili tu, ana mzizi mkuu mmoja ulionyooka, na ukimkata chini kidogo ya uso wa udongo amekwisha. Yeye huenea kwa mbegu pekee, kwa hiyo ule ushauri wa kukata maua unamfaa yeye, siyo yule mtambaaji. Si kwamba hana lawama: sheria ya magugu ya Uingereza ya mwaka 1959 imewaorodhesha wote wawili, na mwenye ardhi anaweza kuamriwa azuie wasisambae.

Aliyekwisha kuvamiwa na mtambaaji aweke jembe chini. Aukate kila unapotoa vitumba, kwani hapo akiba ya mzizi imepungua, na arudie hivyo misimu miwili mitatu bila kuchoka. Mimi ningeuvumilia sehemu moja tu: kisiwa kidogo katikati ya nyasi zinazofyekwa mara kwa mara pande zote, chipukizi likitokeza nje linakutana na fyekeo. Kwenye tuta la mboga, hapana.