Marehemu Mtungi wa Kilo 15

Mama jirani alinipa mtungi wake wa gesi kwa sharti moja: urudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana alikuwa na wageni kutoka Mpwapwa. Nikamwambia, "Ondoa shaka, mama," huku nikijua fika kwamba kwenye filamu yangu mtungi huo unakufa.

Ilikuwa filamu ya dakika nne, ya kurekodi kwa simu, hapa hapa Nkuhungu, Dodoma. Jamaa anaazima mtungi mkubwa wa jirani, anaurudisha pamoja na mdogo wa kilo 6. "Hongera, mtungi wako umejifungua." Jirani, kwa tamaa, anapokea mama na mtoto. Baada ya wiki jamaa anaazima tena, safari hii anarudi mikono mitupu: "Pole sana, umefariki." Jirani akibisha, anaulizwa mbona ulipozaa hakubisha. Hapo kibao kinageuka, watu wanacheka, na jina langu linapita kwenye kioo mara tatu: hadithi, wazo na uongozi.

Najua. Wewe uliyepita shule ya msingi umeshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Ni sufuria ya Abunuwasi. Mimi nilibadilisha chombo tu.

Steringi wangu, ambaye siku za kawaida ni fundi simu pale Sabasaba, aliligusa hilo mapema. "Kaka, hii si ya Abunuwasi?" Nikamjibu kisomi kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo, inalinda namna ulivyolitoa. Nikaona bado ananung'unika, nikamletea Wafaransa. Mwaka 1895 ndugu wawili, Lumière, walitoa kichekesho kisichofika hata dakika moja: mtunza bustani anamwagilia, kijana anakanyaga mpira, maji yanakata, mzee wa watu anachungulia mdomo wa mpira, kijana anainua mguu. Kisa hicho kilikuwa kimeshachorwa magazetini kabla yao, na mwaka uliofuata Mfaransa mwenzao, Georges Méliès, akatengeneza cha kwake kilekile. "Na hakuna aliyemfikisha mwenzake kwa balozi wa nyumba kumi," nikamalizia. Hilo neno balozi nililitamka kwa mdomo wangu mwenyewe.

Lakini moyoni lilinikera. Nikasema lazima niweke kitu changu, kitu ambacho hata Abunuwasi angekipigia saluti. Nikakipata usiku: jirani asiishie kubisha, adai kuonyeshwa kaburi. Basi tuonyeshe maziko. Mtungi unafunikwa kanga, waombolezaji wanne, mmoja anazimia. Hiyo ni yangu, naapa.

Tukaenda kwenye korongo kule nyuma, ambako mchanga ni laini na msimu huo hakuna hata tone la maji. Mimi nilitaka tuzike ndoo. Steringi akasema watazamaji si wajinga, umbo la mtungi lazima lionekane kabla ya udongo kumwagwa. Tukauzika wenyewe, kilo 15 za gesi juu ya uzito wa chuma, watu wawili tukitweta. Maziko yalipendeza. Mwombolezaji wa tatu alilia mpaka nikaogopa ana lake moyoni.

Tukasogea kwenye kivuli cha mbuyu kutazama tulichorekodi. Picha safi. Sauti: upepo mtupu. Wanaoujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hawahitaji maelezo. Maneno yote ya pale kaburini yalisikika kama mtu anapuliza chupa. Steringi akasema dawa yake ni soksi, unaivika simu pale kwenye maiki. Lakini sote tulikuwa na ndala. Tukarudi nyumbani wote kutafuta soksi moja. Watu sita! Hakuna aliyewaza kubaki na marehemu.

Tuliporudi, kaburi lilikuwa wazi. Kanga imekunjwa vizuri, imewekwa pembeni. Mpaka leo hiyo kanga iliyokunjwa ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ina maana mwizi hakuwa na haraka.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa mlangoni kwa mama jirani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtungi uko wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakayeyuka. Nikasema, "Mama, tuliuzika, halafu…"

Sasa kumbuka tulikuwa tumefanya mazoezi uani siku tatu mfululizo, dirisha lake liko palepale. Kila neno alikuwa analijua, pengine kuliko steringi. Akatulia, akajifuta mikono kwenye kitenge. "Umekufa, siyo? Haya, nionyeshe maiti."

Nikaapa kwa kila kitu. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kufanana na jamaa wa kwenye filamu. Wageni wa Mpwapwa wakatoka nje kutazama. Akaitwa balozi.

Mzee alisikiliza pande zote kwa utulivu, kisha akasema, "Hii kesi naijua. Mimi niliisoma ikiwa sufuria."

Nikaona mlango. Nikamweleza kwamba kisa tulichukua, ni kweli, lakini wizi ulikuwa wa kweli pia, na kwamba kisheria wazo halina mwenyewe.

"Wazo halina mwenyewe," mama akadakia, "mtungi unaye."

Wageni wakapiga makofi. Balozi akakohoa kuficha kicheko, akaamua nilipe kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Nikashukuru, nikadhani yameisha. Mama akaingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, akatoka amebeba mtungi wangu mwenyewe, ule wa kilo 6, amempakata kama mtoto mchanga.

"Marehemu ameacha mtoto," akamwambia balozi. "Mtoto wa marehemu analelewa na bibi yake."

Balozi akasema hapo hana la kuongeza.

Steringi, kumbe, alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta na simu juu, soksi imevikwa, kila neno linasikika kama redio. Usiku huohuo akairusha bila kuniuliza. Filamu yangu ya Abunuwasi, iliyoungwaungwa bila maziko, ilikuwa imetazamwa na ndugu na wadeni wangu, na wote waliandika "kazi nzuri". Hii ya steringi ikasambaa mpaka shangazi yangu wa Singida akanipigia kuniuliza nimeanza lini kudhulumu wajane. Mama jirani si mjane.

Nikafungua maoni kutafuta pole. La kwanza kabisa, lililopendwa kuliko yote, lilisema: "Mama kauvaa uhusika, ila hicho kipande cha mtoto wa marehemu wameiga, nimeshakiona mahali."

Nilisoma hilo nikiwa nimechuchumaa uani, napuliza mkaa.