Kuosha kifua, halafu iweje?

Mjomba wangu wa Newala alitolewa maji kifuani mara mbili. Mara ya pili nilishika chupa mwenyewe: maji rangi ya chai ya rangi iliyolala, na damu kidogo. Hayakupelekwa maabara. Mzee akaendelea na dawa za kifua kikuu miezi minne kabla mtu hajatamka neno saratani.

Nimeikumbuka chupa ile kwa sababu ya mpwa wangu anayesomea udaktari. Alikuja likizo Mtwara akisifia kipimo kimoja. "Shangazi, gharama yake ni maji ya dripu na hadubini tu!"

Kipimo chenyewe hiki hapa. Mgonjwa wa saratani ya mapafu anapopasuliwa, daktari akishafungua kifua na kabla hajaligusa pafu, humimina maji ya chumvi katika uwazi kati ya pafu na ukuta wa kifua, kisha huyafyonza. Maabara huyazungusha kwa mashine mpaka chembe zituame, huzipaka kwenye kioo, huzitia rangi, na mtaalamu huzikagua kwa hadubini. Katika uwazi huo hamkuwa na maji yaliyojaa wala uvimbe wa kuonekana kwa macho. Kinachotafutwa ni seli zilizokwisha kuchoropoka.

Hoja ya mpwa wangu ina uzito. Mwaka 2010 watafiti wa nchi mbalimbali waliunganisha taarifa za wagonjwa 8,763 waliooshwa hivyo. Waliokutwa na seli za saratani walikuwa 511, karibu 6 kwa kila 100, na hao waliishi muda mfupi zaidi kuliko wenzao hata walipolinganishwa na wagonjwa wa hatua ileile. Watafiti wakapendekeza uvimbe wa mgonjwa wa namna hiyo upandishwe daraja moja, yaani uhesabiwe mbaya zaidi. Kwa aliyeambiwa "tumeutoa wote", hiyo si habari ndogo.

Ila habari si dawa. Mara nyingi jibu hutoka kifua kimeshashonwa, kwa hiyo halibadilishi kilichofanyika mezani. Linaweza kumsukuma daktari kuongeza dawa za saratani, lakini kwamba kuziongeza kwa sababu ya kipimo hiki peke yake kunarefusha maisha, hilo bado halijathibitishwa. Tena seli za kawaida za utando wa mapafu zikichokozwa huvimba na kubadilika sura. Jicho lisilozoea linaweza kuziita saratani. Nani atamtuliza mgonjwa huyo?

Kuna jambo ambalo mpwa wangu alilipita haraka mno. Seli za saratani zikikutwa katika maji yaliyojaa kifuani yenyewe, ugonjwa huhesabiwa hatua ya nne, yaani ya mwisho, na kwa kawaida kisu hakina kazi tena. Zikikutwa katika maji ya kuoshea, mgonjwa hahesabiwi hivyo, na wapo wanaoishi miaka mingi baada ya upasuaji. Seli ni zilezile, maana mbili.

Sasa huku kwetu, ni wangapi wanaofika kwenye meza hiyo? Mgonjwa wa Tandahimba huanza na dawa ya kikohozi dukani, kisha dawa za kifua kikuu, kisha familia inasubiri malipo ya mnada wa korosho ndipo ipatikane nauli na pesa ya kujikimu Dar, zaidi ya kilomita 550. Akifika, kifua kimeshajaa maji. Huyo wa kuoshwa simwoni.

Simlaumu aliyemwanzishia mjomba dawa za kifua kikuu. Huku kwetu ugonjwa huo ni sababu ya kawaida kabisa ya maji kifuani. Ninachokilalamikia ni chupa. Kuyapima maji yale kunahitaji mashine ileile, kioo kilekile, jicho lilelile. Ndiyo, kipimo hicho nacho huikosa saratani: maji ya saratani hutambulika kwa njia hiyo kama mara 6 katika 10, na mara nyingine huhitaji kurudiwa. Lakini ukinipa mtaalamu mmoja wa hadubini kwa mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, nitamkalisha kwanza kwenye maji yanayotolewa kifuani kwa sindano. Ya kuoshea yatakuja baadaye, na atakuwa ameshazoea kuzitambua seli.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. Akaniuliza maji ya babu yalimwagwa wapi.

"Kwenye sinki," nikamwambia. "Na chupa wakaisuuza."